Naomba ushauri: ardhi ya shule mpya ya upili, Hindi

Assalaam aleikum, ndugu wanachama. Kamati yetu ya wazazi huku Hindi, Lamu, inapanga shule mpya ya upili, kwani tangu bandari ianze kazi mwaka 2021 wakaazi wameongezeka, na Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 yahitaji maabara tusizokuwa nazo. Familia moja iko tayari kutoa shamba liwe wakfu, ila hatimiliki ingali kwa jina la marehemu babu yao (mambo ya mirathi mwayajua), na wakili tuliyemwendea ataka warithi wote wasaini, ilhali baadhi wako ng'ambo. Je, twaweza kuomba usajili kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti huku kesi ya mirathi ikiendelea kwa Kadhi? Na fedha zikiwa haba, tutangulize madarasa au maabara?