Naomba ushauri: soli za mtetemo kwa mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni

Habari zenu wakuu, mama yangu ana kisukari cha siku nyingi na sasa nyayo zimekufa ganzi, akisimama anayumba, usiku taa ikizimwa ndo balaa kabisa, naogopa asije akaanguka akavunjika nyonga.

Sasa nimesoma kuhusu stokastiki rezonansi, yaani neva ikishachoka mguso mdogo haufiki kile kiwango cha kuiamsha, ila ukiongezea mtetemo wa ovyoovyo usio na mpangilio (wataalamu wanauita kelele), mdogo kiasi kwamba mwenyewe hausikii, vile viwili vinajumlishana vinavuka kizingiti na mtu anaihisi sakafu. Ukizidisha lakini unafunika kila kitu, na hapo ndo penye utamu wake maana kelele tumezoea ni ya kuharibu tu. Mtafiti James Collins na wenzie wa Boston, Marekani, walionyesha hilo kwenye vidole vya mkono 1996, halafu 2003 wakawasimamisha wazee juu ya soli zinazotetemeka na kuyumba kukapungua, 2006 wakapima wenye kisukari na waliopata kiharusi pia wakaona nafuu.

Wataalamu wa fiziotherapia mlioko humu, kuna mtu ameshawahi kuzitumia kwa mgonjwa au anajua zinapopatikana? Na zile mashine za masaji za miguu zinazouzwa madukani zinaweza kusaidia? Mi naona zinatetemesha kwa nguvu na kwa mpangilio mmoja, tena mtu mwenye ganzi anaweza kupata kidonda asijue. Nisaidieni jamani, mama anapenda sana kutembea.