Naomba ushauri: Asclepias imevamia bustani, na viwavi wa monaki wamo humo humo

Wakuu, bustani ni ya mita 3 kwa 4, jimbo la Minnesota, Marekani. Asclepias syriaca, mmea wa utomvu mweupe ambao jamii yake ndiyo chakula cha viwavi wa kipepeo monaki, umetoka kwenye tuta lake na sasa unachipua katikati ya nyanya. Kung'oa hakusaidii: shina linalotambaa chini ya udongo hukatika, na kila kipande kinachobaki huchipua upya.

Maganda ya mbegu nitayakata yakiwa mabichi, kabla hayajapasuka na mbegu kupeperushwa na pamba yake. Machipukizi ya pembeni nayakata kwa mkasi kila wiki, nikikagua kwanza upande wa chini wa majani. Yai ni la rangi ya krimu, dogo kama kichwa cha pini. (Glavu lazima. Utomvu huo ukiingia jichoni ni balaa.)

Sasa, nifukie kizuizi cha plastiki nene kwa kina cha sentimita 60, au mizizi itapita chini? Au nihamie Asclepias incarnata, ambayo hukaa kichaka kimoja bila kutambaa? Kuchimba Julai siwezi, viwavi wangali wanakula. Nafikiria Oktoba, monaki wakishaelekea Meksiko.