Mpenzi yuko Vietnam: niende Tet, nimlete Dar, au tukutane Kuala Lumpur?

Mtu wa Kimara
Wakuu, heshima kwenu. Nina akiba ya safari moja tu na nina mpenzi Vietnam. Tulijuana nikifundisha Kiingereza Hai Phong. Mkataba ukaisha, kituo hakikuongeza, nikarudi Dar. Tunaongea kila siku kwa Zalo, ile programu yao ya simu ya kuchati. Sasa nalinganisha njia tatu:

A) Niende Tet, mwaka mpya wao, 2026 inaangukia Februari 17, nikajitambulishe kwao. Viza yao ya mtandaoni ni dola 25 kuingia mara moja, siku 90. Shida ni nauli.

B) Nimlete Dar mwezi wa saba aone nyumbani. Viza yake dola 50.

C) Tukutane Kuala Lumpur wiki moja. Wote tunaingia bila viza, na kwake ni karibu.

Ipi ina akili? Naomba ushauri, kejeli mniwekee mpaka kesho.

KN Dodoma
Chaguo D: hiyo hela nunua bati. Kataa ndoa, na ya viza uikatae mara mbili.

Shangazi Nuru
Mleta mada umeandika bei ya viza mpaka dola ya mwisho, ila binti mwenyewe hujamwandika. Ana umri gani? Anafanya kazi gani? Wazazi wanakujua? Wewe je, umeoa, una mtoto? Tukupe ushauri wa nini sasa, wa tiketi?

Mtu wa Kimara
Shangazi, ana miaka 27, yuko kiwanda cha vifaa vya umeme, kwao ni Hai Duong. Mama yake ameniona kwenye video. Baba anajua kuna "mwalimu". Sijaoa.

Shangazi Nuru
Swali la mtoto umelipita kimyakimya. Haya, tutarudi.

Otis254
Niko Saigon, nafundisha pia. Ndugu, ni A, lakini ujue unachokifanya. Huku ukiingia nyumbani kwa msichana wakati wa Tet, mtaa mzima umeelewa. Si kwenda kusalimia, ni kutangaza. Utakalishwa chini ya madhabahu ya wazee waliofariki, utamiminiwa chai, halafu swali la kwanza ni ulizaliwa mwaka gani, kwa sababu wazee wanalinganisha nyota ya mwaka wako na ya binti. Beba bahasha nyekundu na noti mpya kwa watoto na wazee. Noti kuukuu usithubutu.

Halafu usidhani utashughulikia karatasi yoyote siku hizo. Ofisi zinafungwa kama wiki nzima, mabasi na treni zimejaa watu wanaorudi kwao. Fika kabla kidogo ukae mpaka pilikapilika ziishe.

Faida nyingine ya A: mkifunga ndoa na ukaishi huku, hutakiwi tena kibali cha kazi, unatoa taarifa tu. Wanaojua vita ya kile kibali kwa mwalimu Mwafrika wananielewa. Shule nyingi zinataka mtu wa Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, wengine tunaulizwa vyeti mpaka vya chekechea.

Fundi Mnara
Mimi ni B. Nimefanya kazi na Wavietnamu tangu Halotel inaanza 2015, tunasimamisha minara vijijini huko ambako hata sisi wenyewe tulikuwa tunalalamika. Wale watu wanazoea popote. Wamefika leo, kesho wamelima bustani ya mboga nyuma ya kambi. Mmoja alijifunza Kiswahili cha Tabora mpaka anatania wazee. Mlete dada aione Kimara na foleni yake. Akipenda ndo mzigo, asipopenda umeokoa mahari.

Ndayi Buja
Hata hapa Bujumbura ni hivyo hivyo, Lumitel ni ya Viettel, kampuni ya simu ya Vietnam, kama Halotel. Tumekaa nao. Lakini nikubishe: hao walikuja na mshahara wa kampuni na wenzao kambini. Dada atakuja peke yake, kwenye nyumba ya mama mkwe. Si kitu kimoja.

Shangazi Nuru
Ndayi kasema. Tena akija kama mke atapata pasi ya mtegemezi, ila kufanya kazi ni lazima kibali cha kazi, na cha ukaazi ni kingine, ofisi nyingine. Mtu aliyezoea mshahara wake ashinde sebuleni akimsubiri mwanamume arudi na mwendokasi? Nawajua wawili walioondoka kwa hilo tu.

Fundi Mnara
Shangazi, nani kasema ashinde sebuleni? Afungue mgahawa wa supu ya tambi. Mikocheni watajaa.

Shangazi Nuru
Kwa kibali gani, Fundi?

Mtu wa Kimara
Jamani tusifike kwenye mgahawa. Kuhusu C hamjasema kitu.

KN Dodoma
C ni fungate bila harusi. Hata mimi naiunga mkono hiyo.

Bwana Athumani
Ngoja niwape kisa, ni kirefu, atakayechoka aruke.

Mwenzangu ni wa Nghe An, mkoa wa huko huko Vietnam. Tulijuana Doha, mimi nikiwa ghala la mizigo, yeye hotelini. Tukaamua kusajili ndoa kwao. Mgeni anatakiwa hati ya kuthibitisha hajaoa na cheti cha daktari kwamba huna maradhi ya akili. Karatasi za nyumbani zigongwe mihuri wizara ya mambo ya nje yetu, zipite ubalozi wao, kisha zitafsiriwe Kivietnamu. Cheti cha daktari kisizidi miezi sita. Hati ya kutokuwa na ndoa nayo, kama haikuandikwa ukomo, ni miezi sita.

Kwa kuwa nilikuwa Doha, nikampa kazi wakala mmoja mjini Dar, simtaji. Akasema wiki tatu. Miezi ikakatika. Nikipiga simu, "mhusika yuko semina." Nikimtuma mdogo wangu, ofisi imefungwa, wamehamia ghorofa nyingine. Hati zikafika hatimaye, nikapanda ndege. Familia ilishapanga shughuli: mahema, meza zimelipiwa, sahani nyekundu za posa zimepambwa. Sherehe tukafanya, watu wakala, wajomba wakaninywesha pombe ya mchele mpaka nikaimba.

Jumatatu tunakwenda kusajili. Mama mkwe kavaa vizuri, kabeba machungwa. Ofisa anasoma karatasi, anasoma tena. Cheti cha kuzaliwa Athumani. Pasipoti Othman. Wakala nilimuuliza hilo mapema, akanijibu "hayo majina ni yaleyale, kila mtu anajua." Kila mtu wa wapi? Ofisa wa Nghe An anajua hilo kwa kitabu gani? Akamuuliza mke wangu, "Huyu wa pili ni nani?" Mama mkwe akaacha kugawa machungwa.

Nikarudi kula kiapo cha majina kwa wakili, nikaanza mihuri upya. Kufika huko, cheti cha daktari kimeisha muda. Nikaenda tena kupimwa akili, na safari hiyo kwa kweli nilikuwa na wasiwasi na majibu. Muda wote huo kwa ukoo sisi ni mke na mume, kwa serikali ni wageni wawili, na nikilala kwao ni mgeni wa kuandikishwa polisi. Leo tuna cheti na tuna mtoto. Wakala hajarudisha hata senti.

Kwa hiyo mleta mada, acha A, B na C. Toa pasipoti na cheti cha kuzaliwa, viweke mezani, soma herufi kwa herufi.

Mtu wa Kimara
Pole sana mkuu. Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Kimoja kina jina la babu, kingine hakina.

Bwana Athumani
Umeona.

Otis254
Athumani, enzi hiyo ilikuwa wilayani. Tangu Julai 2025 ngazi ya wilaya imefutwa kabisa, mikoa 63 imeunganishwa ikabaki 34, na ndoa na mgeni sasa inasajiliwa kwa kamati ya watu ya kata. Hiyo Hai Duong ya mleta mada imeingizwa ndani ya Hai Phong. Mwambie binti aende mwenyewe katani aulize orodha, aipige picha akutumie. Msisome mitandao ya zamani. Ukishapata cheti, kuna msamaha wa viza wa miaka mitano kwa wenzi wa Wavietnamu, unakaa miezi sita kwa kila kuingia.

Bi Mwanakombo
Assalaam aleykum. Nimesoma yote, hakuna aliyeuliza dini. Wewe kijana ni nani, na yeye ni nani?

Mtu wa Kimara
Waaleykum salaam Bi mkubwa. Mimi Mwislamu. Kwao wana ile madhabahu ya wazee, wanachoma udi, wanaadhimisha siku za vifo vya mababu. Yeye anasema hana dini.

Bi Mwanakombo
Basi hapo pana mazungumzo kabla ya ndege. Si Ahlul Kitab, yaani si Mkristo wala Myahudi, ndoa haiswihi mpaka asilimu, na kusilimu kwa ajili ya tiketi nako kuna maneno yake. Muulize mwanachuoni aliye karibu nawe, usituulize sisi.

KN Dodoma
Sasa Bi mkubwa unataka wote waachane kwenye uzi wa tiketi.

Bi Mwanakombo
Sikusema waachane. Hanoi msikiti upo, Al-Noor, mtaa wa Hang Luoc, wafanyabiashara wa Kihindi waliujenga 1890. Na Waislamu wa Kicham wapo kusini, An Giang. Mwanangu alikaa Hanoi kwa masomo, akisali hapo Ijumaa. Ajifunze yule binti kwa hao, kwa lugha yake, asikae kufundishwa kwa simu.

Na hizo sahani za posa za Athumani, mnajua nini kilikuwamo? Tambuu na popoo! Mwanangu alinitumia picha za harusi ya rafiki yake nikadhani ni Mkunazini. Popoo zimepangwa, majani ya tambuu yamekunjwa kama yetu. Hili ndilo lililonifanya niwapende watu wale.

Bwana Athumani
Kweli Bi. Bibi yake mke wangu anatafuna mpaka leo, meno meusi. Nilimpelekea chokaa akacheka.

Ndayi Buja
Sisi bara hatutafuni hiyo. Inalewesha?

Bi Mwanakombo
Inachangamsha. Usinitoe kwenye mada.

Mtu wa Kimara
Wakuu, kuna jambo sikuandika mwanzo. Amepata nafasi ya kwenda Japani, ile ya mafunzo ya ufundi, miaka mitatu, kiwanda cha kufungasha vyakula. Wakala wao anataka asaini baada ya Tet. Ndiyo maana nina haraka.

Shangazi Nuru
Sasa ndiyo umeleta mada.

Otis254
Weh. Hiyo inabadilisha kila kitu. Ile viza ya mafunzo hairuhusu kuleta mume wala mke, kwa hiyo hata mkifunga ndoa utakuwa Kimara na yeye Japani. Wengi wanatoka huku na deni la wakala, mwaka wa kwanza ni kulipa deni tu. Uliza amekopa kiasi gani na nani ameweka nyumba rehani. Kama ni baba yake, basi Tet ukienda utakuta yule "mwalimu" anaonekana ndiye anayetaka kumzuia binti asiende kutafuta.

Fundi Mnara
Kwa hiyo B imekufa. Mwezi wa saba atakuwa Osaka.

Shangazi Nuru
Haijafa. Inawezekana binti mwenyewe anataka Japani, na hiyo ni haki yake. Umemuuliza, au umeuliza nauli tu?

Mtu wa Kimara
Nimemuuliza. Anasema "wewe unaonaje". Shida ni saa pia. Saa nne usiku kwake ni saa kumi na mbili jioni kwangu, niko ndani ya mwendokasi nimebanwa mlangoni, yeye anasinzia, kesho ana zamu ya asubuhi. Mazungumzo makubwa kama hayo hayaingii hapo.

Bwana Athumani
Ukienda usimwambie baba neno kuhusu Japani. Nenda ule, unywe kama unakunywa, uoshe vyombo. Mimi kuosha vyombo kulinisaidia kuliko digrii.

Shangazi Nuru
Mimi nasema C, mnisamehe. Kabla ya wazazi, madhabahu na mashekhe, wakae wawili mezani wiki nzima, wamalize la Japani. Na Kimara, mtoto?

Mtu wa Kimara
Yupo mmoja, Morogoro. Anajua.

KN Dodoma
NANI anajua? Mtoto au mchumba?

Fundi Mnara
😂😂 Uzi umenoga.

Ndayi Buja
Tukiwa tunamsubiri, Athumani, ule mchuzi wao wa samaki unaonuka, mliuzoeaje? Wale wa Lumitel waliuweka kwenye kila kitu.

Bwana Athumani
Ni mchuzi wa dagaa waliovundikwa na chumvi. Mtu wa Mwanza hapati tabu. Tatizo langu lilikuwa giligilani, inakaa kila sahani.

Bi Mwanakombo
Giligilani ina tatizo gani? Nyie watu wa bara.

Mtu wa Kimara
Mchumba anajua, KN. Nimeangalia tiketi ya Ethiopian inayoshuka Hanoi, jana na leo bei si moja, imepanda. Nitaongea naye Jumapili, hana zamu.

Kijana wa Songea
Samahani kuingilia. Otis, hiyo kazi ya kufundisha wanachukua mwenye diploma ya ualimu?

Otis254
Digrii, ndugu. Na cheti cha kufundisha Kiingereza juu yake. Uje na hati ya polisi imeshagongwa mihuri kabisa, usifuate ya Athumani.