Naomba ushauri: meza ya chakula cha ndege, Kampala

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Ntinda na mama yangu mzazi. Kila asubuhi mama huwamwagia ndege mtama na makombo ya wali uani. Huja shomoro, kwera, njiwa, naye anawatambua kwa sauti tu. Sasa anataka tumjengee meza ya kudumu ya chakula, hasa kwa Januari na Februari jua linapochoma.

Ninachohofia ni yaliyotokea Uingereza. Kule watu huwalisha ndege bustanini majira ya baridi, na chakula hicho huwasaidia wengi kuvuka ule usiku mrefu. Hata aina moja ya ndege wadogo wa Ujerumani, wenye utosi mweusi, baadhi yao siku hizi huelekea Uingereza badala ya kwenda Hispania. Lakini tangu 2005 ugonjwa wa trikomonosisi umewashika chiriku wa kijani. Vijidudu hupita kwenye chakula na maji yaliyoingia mate ya mgonjwa, koo huvimba, ndege hashindwi kula tu bali hufa. Idadi yao imeporomoka vibaya. Njiwa nao hubeba vijidudu hivyo, na kwetu njiwa ndio wengi!

Huku hakuna theluji, wadudu na mbegu zipo mwaka mzima. Je, kuwawekea maji safi peke yake kunatosha? Kama meza ni lazima, nioshe kwa kitu gani, kila baada ya muda gani? Na makombo hayatawaita kaloli, wale korongo wakubwa wala taka, kutoka jalalani? Mama nisimnyime ndege wake, tafadhali nisaidieni.