Ziara ya "sanaa na historia" Firenze: tumelipa euro 85 kuoneshwa milango iliyofungwa

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Uzi huu ni wa wanafunzi wenzangu wa Afrika Mashariki tulioko Italia, hasa mlioanza kutuma hela ya safari ya Roma kwenye lile grupu la WhatsApp. Hebu shikeni hela zenu kwanza, msome.

Kuna kaka mmoja (simtaji, mods wasije wakaufuta uzi, na wanaomjua wameshamjua) anaandaa safari za wanafunzi. Tangazo lake lilisema: siku nzima Firenze (Florence), treni kwenda na kurudi kutoka Bologna, tiketi za makumbusho ya Uffizi na Accademia, kupanda kuba la kanisa kuu, chakula cha mchana, na mwongozaji ni yeye mwenyewe. Euro 85. Anayeishi kwa hela ya skolashipu anajua hiyo ni chakula cha siku ngapi. Tukalipa.

Akatupeleka Jumatatu.

Wanaojua wameshacheka. Uffizi inafungwa Jumatatu. Accademia nayo inafungwa Jumatatu. Si mgomo wala dharura, ndiyo ratiba yao. Tumefika pale mlango umefungwa, jamaa anajifanya kushangaa na sisi, anabonyezabonyeza simu, anasema "leo mfumo una shida". Mfumo! Na kinachouma zaidi, jana yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo makumbusho ya serikali Italia nzima kiingilio ni bure. Angetutoa siku moja kabla tungeingia kote bila kulipa hata senti. Sasa hiyo hela ya tiketi aliyotukata ilinunua tiketi gani?

Basi akatusogeza Piazza della Signoria, akasimama mbele ya sanamu, akatamka bila aibu: "Huyu ndiye David wa Michelangelo, pigeni picha." Jamani, ile ni nakala! David mwenyewe alisimama pale tangu 1504 hadi 1873, wakamwondoa asiendelee kuliwa na mvua na jua, wakampeleka Accademia, hiyohiyo iliyofungwa. Iliyopo uwanjani iliwekwa 1910. Nikamwambia. Akanijibu, "Mdogo wangu, jiwe ni jiwe."

Jiwe ni jiwe? Michelangelo alipewa pande la marumaru ambalo wachongaji wengine walishalianza wakalitelekeza, akalichonga kuanzia 1501 hadi 1504, akatoa mtu wa zaidi ya mita tano, mpaka mishipa ya mkono unaiona. Mimi nimekuja kuiona hiyo mishipa, we unaniambia jiwe ni jiwe! Jioni akatupandisha Piazzale Michelangelo, na pale kuna David mwingine, wa shaba. Tukaambiwa tupige picha tena. Nakala mbili kwa siku moja, halisi hakuna.

Halafu kule Piazza della Signoria, karibu na chemchemi ya Neptune, kuna bamba la mviringo limelazwa chini kwenye mawe. Linaonesha mahali aliponyongwa na kuchomwa moto Savonarola tarehe 23 Mei 1498, yule mtawa aliyewahubiria watu wa Firenze wachome vitu vyao vya anasa. Wenzangu walikuwa wamesimama juu yake wanapiga selfi, na mwongozaji wetu kasimama nao anatabasamu, hana habari. Mimi nimejua kwa sababu nilitega sikio kwa mwongozaji wa kundi la jirani. Yaani nimelipa huku, nimesoma kwa wengine.

Kuba la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi, ndiyo usiseme. Lilijengwa 1420 hadi 1436, kulipanda ni ngazi 463, na ni lazima uchukue nafasi mapema kwa saa maalumu. Yeye hakuchukua. Tukaingia kanisani chini, ambako kuingia ni bure, na kwenye mchanganuo wake wa gharama ameandika "kiingilio cha kanisa". Chakula cha mchana kilikuwa mkate na soda, tuyaache.

Muda mrefu kuliko wote tuliutumia duka la ngozi mitaa ya San Lorenzo. Muuzaji alimpokea kaka yetu kama shemeji aliyepotea miaka. Mikoba, mikanda, "bei ya mwanafunzi". Mimi na dada mmoja wa Kampala tukachomoka, tukavuka hadi Palazzo Medici Riccardi, ambayo Jumatatu iko wazi, tukalipa wenyewe. Ndani kuna kikanisa kidogo ambacho Benozzo Gozzoli alikichora kuta zake 1459: msafara wa Mamajusi, farasi, dhahabu, vilima, na katikati ya watu wa familia ya Medici, waliotawala Firenze, na wenzao yupo mpiga upinde mweusi anatembea kwa miguu. Tuliduwaa pale. Hiyo ndiyo saa pekee ya sanaa niliyoipata siku nzima, na haikuwa ndani ya euro 85.

Tuliporudi nikamuuliza kuhusu Alessandro de' Medici, mtawala wa kwanza wa Firenze kupewa cheo cha "duca" (duke), kuanzia 1532 mpaka binamu yake alipomuua 1537. Walimwita "il Moro" (yaani Mweusi), na wapo wanahistoria wanaoeleza kwamba mama yake alikuwa mtumishi wa asili ya Afrika. Picha yake akiwa amevaa deraya, aliyoichora Vasari 1534, ni mali ya Uffizi. Hiyo ndiyo iliyonitoa Bologna! Kaka akacheka mbele ya watu: "Hizo ni stori za mitandaoni." Unachukua hela ya Waafrika kuwafundisha historia ya Firenze, halafu huyo humjui?

Najua kuna watakaokuja hapa na "si mngeangalia wenyewe mtandaoni". Ndugu zangu, nimemlipa mtu ndiyo kazi yake hiyo, aangalie yeye.

Nimemwandikia kwa upole kuomba hela ya tiketi irudi. Ujumbe umesomwa, majibu hakuna, na kesho yake akanitoa kwenye grupu. Tangazo la Roma bado liko juu, na Makumbusho ya Vatican ndiyo ameyapanga Jumapili. Mkumbusheni kwamba yale Jumapili hufungwa, isipokuwa ya mwisho wa mwezi.

Mimi Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao narudi Firenze na treni ya kawaida, nitakuwa kwenye foleni ya Uffizi asubuhi na mapema. Anayetaka tuongozane ani-PM, nauli kila mtu yake. Na kaka, najua unausoma uzi huu: hela yetu.