Tupeane uzoefu: wanaume tunaovaa pete, cheni, bangili na hereni

Mwenye uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaume wanaovaa vito na wanaotaka kuanza. Maswali huwa yale yale: pete ipi haigeuki rangi, cheni iwe ndefu kiasi gani, bangili inaingia ofisini au haiingii, dini inasemaje. Tuweke vipimo, gramu na madini, tueleze nini huharibika na kwa nini.

Msimamo wangu ni kwamba kito cha mwanaume hupendeza kikimkaa sawasawa na kikikubaliana na kazi ya mikono yake. Pete inayozunguka mpaka jiwe linaangalia kiganjani haimpambi mtu, hata iwe ya yakuti.

Kwa hiyo naanza na kipimo. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye shina la kidole, tia alama zinapokutana ncha, kisha pima kwa rula ya milimita. Mzingo wa 59.5 ni namba 9 ya Kimarekani, 62 ni namba 10, na 64.6 ni namba 11. Ukitaka kipenyo cha ndani, gawa kwa 3.14. Usitumie uzi, maana uzi huvutika na kukudanganya. Pima jioni mwili ukiwa na joto, kwa sababu alfajiri na kwenye baridi vidole husinyaa. Pete pana ya milimita 6 kwenda juu iongezewe nusu namba. Na upime kidole chenyewe cha mkono wenyewe, kwani mkono unaofanyia kazi mara nyingi huwa mnene kidogo kuliko mwenzake.

Sonara wa Mji Mkongwe

Nazungumzia fedha, kwa sababu ndiyo inayovaliwa na wanaume wengi wa Pwani. Muhuri wa 925 maana yake ni fedha asilimia 92.5, na kilichobaki kwa kawaida ni shaba. Fedha tupu ni laini mno, hujikunja, ndiyo maana ikachanganywa. Pete ya kiume yenye jiwe mara nyingi huwa kati ya gramu 8 na 15. Nunua kwa gramu, na bei ya ufundi itajwe peke yake, usikubali bei ya jumla jumla.

Muhuri hugongwa na yeyote mwenye nyundo, kwa hiyo usiuamini peke yake. Wengi hukimbilia sumaku. Ni kweli fedha hainaswi, lakini kuna mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaong'aa kama fedha, hauna hata chembe ya fedha, na sumaku haiugusi pia. Kipimo kizuri ni cha maji, kwa pete isiyo na jiwe. Pima pete kwenye mizani ndogo inayosoma desimali mbili. Tuseme ni gramu 10.40. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza pete kwa uzi izame yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Mizani itasoma namba ndogo, tuseme 1.00. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Ikija 10.3 au 10.4, hiyo ni 925. Ikija chini ya 9, umeuziwa mchanganyiko ule au shaba nyeupe nyingine. Karibu na 8 ni chuma cha pua. Hakikisha hakuna kipovu cha hewa kilichonata kwenye pete, kwa sababu kipovu kimoja tu huharibu hesabu yote.

Kupanua pete: sonara hukata upande wa chini, huingiza kipande cha fedha, hulehemu, kisha husugua. Namba moja au mbili hazina shida. Kama ina jiwe, sharti jiwe litolewe kwanza. Akiki ikipigwa moto halafu ikatumbukizwa majini hupasuka, na fundi mwenye haraka atakuambia ilikuwa na ufa tangu mwanzo.

Mwana wa Madrasa

Kwa Waislamu, dhahabu na hariri vimeharamishwa kwa wanaume na kuhalalishwa kwa wanawake. Pete ya fedha inaruhusiwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa na pete ya fedha iliyochongwa maneno "Muhammad Rasulullah" kwa mistari mitatu, na aliitumia kupigia muhuri barua zake. Zipo riwaya za kuivaa mkono wa kulia na za mkono wa kushoto, kwa hiyo tusigombane hapo. Kilichokatazwa, katika riwaya ya Sayyidna Ali, ni kuivaa kidole cha shahada na cha kati. Basi ivae kidole kidogo au kile cha jirani yake.

Wengi huteleza kwenye dhahabu nyeupe. Hiyo ni dhahabu ile ile, imechanganywa na paladi au nikeli, kisha ikapakwa madini ya rodi juu ili ing'ae. Ikiwa na muhuri wa 750 ni karati 18, na hukumu yake ni ya dhahabu. Platini ni madini mengine kabisa. Pete ya fedha iliyochovywa dhahabu, mashekhe wana maneno juu yake, kwa hiyo muulize wako kabla ya kulipa.

Kijana wa Lamu

Kwenye mawe niongeze kidogo. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, akiki ina 6.5 hadi 7, inahimili mkono wa kazi. Feruzi ni 5 hadi 6, na hunyonya mafuta, jasho na sabuni mpaka ikageuka kijani. Marijani ni laini zaidi, haifai pete ya kila siku. Tanzanaiti ya Mererani wanaume wanaipenda kwa ile buluu yake, lakini ina upande mmoja inakopasuka kirahisi ikigongwa. Ifanye kidani. Ukiing'ang'ania kwenye pete, izungushiwe ukingo wa fedha pande zote, usikubali ishikwe kwa makucha manne tu.

Na kwetu Lamu mafundi huweka vigae vya kauri kuukuu, vipande vya sahani na mabakuli ya zamani, kwenye pete za fedha. Tazama ukingo: kigae kiwe kimesuguliwa pembeni na fedha imekilalia sawia kotekote. Pita kucha kuzunguka. Ikinasa mahali, hapo ndipo maji yataingia na gundi italegea.

Fundi Magari

Hili mlisome vizuri. Ukiwa unafungua terminali chanya ya betri ya volti 12, pete ikagusa spana huku upande wa pili ikigusa bodi ya gari, mkondo wote unapita kwenye pete. Inageuka nyekundu kabla hujavuta mkono, na kidole kinaungua mzunguko mzima. Hatari nyingine ni kuruka kutoka kwenye lori au ngazi pete ikiwa imenasa kwenye chuma: uzito wa mwili wote unavuta kidole kimoja, ngozi inachunika. Kazini vua. Kama ni pete ya ndoa na hutaki kubaki mtupu, vaa ya silikoni, hiyo hukatika yenyewe.

Pete ikigoma kutoka: inua mkono juu ya kichwa dakika kadhaa, chovya kwenye maji baridi, paka sabuni. Bado? Chukua uzi laini wa kusafishia meno, pitisha ncha moja chini ya pete kuelekea kiganjani, kisha zungusha uzi uliobaki kuanzia ukingoni mwa pete kwenda kwenye kucha, ubane, mizunguko igusane mpaka upite kifundo. Sasa shika ile ncha ya upande wa kiganja ufungue taratibu, pete itafuata. Kidole kikiwa cha bluu, cheupe au hakihisi, acha, nenda hospitali.

Za tangsteni hazikatwi kwa kikata pete cha kawaida wala hazipanuliwi. Huvunjwa kwa plaizi ya kujifunga: bana kidogo, achia, kaza skrubu kidogo, bana tena upande mwingine, mpaka ipasuke. Funika macho, vipande huruka.

Mkuu wa Kariakoo

Cheni. Sentimita 50 hukaa kwenye mtulinga kwa shingo ya kawaida. 55 hushuka kidogo chini yake. 60 ni ya kuvalia juu ya fulana au yenye kidani. Ya milimita 2 hadi 3 inatosha kubeba kidani, ya kuvaliwa peke yake iwe 4 hadi 6. Zaidi ya hapo ofisini inaingia chumbani kabla yako. Ukivaa tai, cheni ibaki ndani ya shati.

Cheni nyingi hazikatiki katikati. Hufunguka kwenye kile kipete kidogo kinachounganisha ndoano, kwa sababu kiwandani kimekunjwa tu bila kulehemiwa. Mwambie sonara akilehemu siku unayonunua, ni kazi ya dakika chache. Na uliza kama ndani ni tupu: cheni tupu ni nyepesi kuliko unene wake, ikibonyea hainyooki tena.

Mdau wa Arusha

Bangili za shanga za Kimasai zipo za waya na za lastiki. Ya lastiki hulegea kwa jasho na jua, ya waya hudumu ila usiikunjue kila siku mahali pamoja, itakatika hapo. Ofisini moja nyembamba mkono usio na saa haina neno. Bangili ya shaba huacha rangi ya kijani mkononi. Ni shaba na jasho, huoshwa kwa sabuni. Wanaoivaa kwa ajili ya baridi yabisi wajue kwamba utafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, uliotoka 2013 haukuona nafuu ya maana.

Na wanaosema sikio la mwanaume halitogwi Afrika, wawatazame wazee wa Kimasai. Ndewe zao zimetogwa na kupanuliwa tangu enzi na enzi, na heshima yao iko pale pale.

Muuguzi

Basi anayetaka kutoga aanze na titani ya kiwango cha vipandikizi vya mwilini, si hereni za bei poa zenye nikeli. Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8, gegedu la juu huchukua miezi, hata mwaka. Osha kwa robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Usizungushe hereni, unafungua kidonda. Kama kwenu kuna makovu yanayovimba na kuzidi kidonda chenyewe, usitoge, hasa gegedu. Zipo hereni za kubana.

Mwenye uzi

Sonara, fedha ikishakuwa nyeusi?

Sonara wa Mji Mkongwe

Weusi ule ni salfa ya hewani na ya jasho imeshikana na fedha. Tandika karatasi ya alumini kwenye bakuli, pete iiguse, nyunyiza kijiko kikubwa cha baking soda, mimina kikombe cha maji ya moto. Utasikia harufu ya yai viza, dakika chache weusi umehamia kwenye alumini. Suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba. Usifanye hivyo kwa feruzi, lulu, marijani, jiwe lililobandikwa kwa gundi, wala pete ambayo weusi wa kwenye nakshi umewekwa makusudi, utaufuta wote. Hizo zifute kwa kitambaa kikavu tu. Dawa ya meno usiitumie, inakwaruza.