MREJESHO: Ile pikapu iliyokuwa inagoma kuwaka mara moja moja

Wakuu habari za muda, narudi na mrejesho wa ile pikapu yangu ya zamani ya dizeli niliyoomba ushauri hapa, ile unageuza ufunguo inasema "tak" moja tu kimya, halafu ukirudia rudia inawaka fresh.

Nilianza na ushauri wa kusafisha vichwa vya betri na waya wa ethi (ule wa negativu unaoshika bodi), kweli ulikuwa na kutu ya kijani ila tatizo likarudi. Ndo nikamsikiliza mkuu aliyesema nipime kwa mita pale pale inapogoma: waya mdogo wa stata (mota inayozungusha injini iwake), ule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, unapata volti 12 na bado stata haizunguki, kwa hiyo swichi na waya wake vikatoka kwenye lawama. Tukafungua stata, zile kopa mbili (vipande vya shaba vya kupitisha umeme) ndani ya solenoidi, yaani swichi kubwa ya umeme ya stata, moja imelika upande mpaka plunja (chuma kinachosogea kuziunganisha) haiigusi vizuri. Fundi kabadilisha kopa na plunja tu, hatujanunua stata nzima.

Ile "tak" imeisha kabisa. Ila asubuhi ya baridi bado inazunguka sana ndo ishike, nahisi ni plagi za hita (zinazopasha joto injini ya dizeli kabla ya kuwaka), hizo bado sijazigusa.

Asanteni sana wakuu, hasa aliyenizuia kununua stata ya mtumba, Mungu awabariki.